Injini ya Pikipiki ya Baba Imeganda: Nianzie Wapi?

*Swali: Fundi, habari za kazi. Baba yangu aliniachia pikipiki yake, Honda CG125 ya zamani ya kuwasha kwa kiki. Iliegeshwa stoo miaka 11 iliyopita ikiwa inatembea vizuri, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Sasa kiki haishuki hata kidogo; injini imeganda. Jirani ananishauri nimwage petroli kwenye tundu la plagi, niweke gia ya pili, kisha ivutwe kwa gari mpaka iachie. Fundi mmoja amesema ninunue seti ya ringi na gasketi tu, basi. Mwingine anasema lazima ifunguliwe yote mpaka kwenye kranki. Mimi nina seti ya spana, bisibisi, nyundo na gereji ndogo ya nyumbani. Subira ninayo, lakini sijawahi kufungua injini. Je, injini iliyoganda imekufa? Ringi mpya zinatosha? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe bila kuiharibu mali ya baba?*

Maswali yako ni matatu, lakini wasiwasi wako ni mmoja: unaogopa kwamba ukiigusa injini hiyo utaimaliza. Nikutoe hofu hiyo kwa sehemu tu. Injini iliyoegeshwa ikiwa nzima, kisha ikaganda kwa kukaa, haijafa, na mtu mwenye subira anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii nyumbani kwake. Hofu ambayo ningependa ubaki nayo ni nyingine. Injini za zamani nilizoona zikiharibika mikononi mwa wanaojifunza ziliharibika kwa njia mbili: ama kwa nguvu iliyotumika kabla ya kufikiri, ama kwa vipuri vipya vilivyofungwa bila chochote kupimwa. Jirani yako anakuita kwenye kosa la kwanza, na fundi wa ringi anakuita kwenye la pili.

Kwanza tutofautishe kuganda kwa aina mbili, kwa sababu watu wengi huvichanganya. Injini inaweza kuganda ikiwa inatembea, kwa kukosa oili au kwa joto kupita kiasi. Hapo pistoni ya aluminiamu hutanuka, hukwaruza ukuta wa silinda na kuacha aluminiamu imejipaka kwenye chuma. Hiyo ni ajali, na huacha majeraha. Injini yako haikupatwa na hilo, kwa kuwa umesema iliegeshwa ikiwa inatembea vizuri. Yako imegandishwa na kutu, na kutu ina tabia yake.

Injini ya viharusi vinne inapozimwa, mara nyingi husimama mahali ambapo valvu moja iko wazi, japo kidogo. Kupitia upenyo huo hewa huingia na kutoka mwaka mzima: mchana inapopata joto hutanuka, usiku inapopoa hujikunja na kuvuta hewa nyingine yenye unyevu. Unyevu huo huganda kuwa matone kwenye ukuta wa silinda, ambao kwenye injini kama yako ni wa chuma cha kusubu. Utando wa oili uliobaki ukutani hushuka polepole kuelekea chini, chuma kinabaki uchi, na kutu inaanza. Pistoni yenyewe haishiki kutu, kwa kuwa ni aluminiamu. Zinazoshika ni ringi zinazoizunguka pistoni, ambazo ni za chuma na zinagusana na chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hujaza ule upenyo mdogo kati ya ringi na silinda na kubana kama kabari. Kwa hiyo injini inayoonekana kana kwamba imechomelewa, kwa kawaida imeshikwa na mistari michache tu ya kutu, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita moja hivi. Ndiyo maana dawa yake ni kulainisha na kusubiri.

Sasa fikiri gari likiivuta pikipiki hiyo. Nguvu ya gari inaingia kwenye tairi la nyuma, inapita kwenye mnyororo na gia, inafika kwenye kranki, yaani shafti kuu ya injini, na mkono wa pistoni, na mwisho wake inakutana na ringi nyembamba zilizoshikwa. Kinachotangulia kusalimu amri hapo huenda kisiwe kutu. Ringi huvunjika, vipande vyake huchora silinda kuanzia juu hadi chini, na mkono wa pistoni unaweza kupinda. Tena, tairi la nyuma likijifunga ghafla wakati mtu yuko juu ya pikipiki, ataanguka. Petroli nayo haikusaidii: ni nyepesi mno, huosha hata ule utando mdogo wa oili uliosalia, huvuja kando ya ringi na kuingia kwenye oili ya chini, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto au cheche. Gereji ndogo iliyofungwa si mahali pa petroli iliyo wazi. Kwa kuoshea vipuri tumia mafuta ya taa, milango ikiwa wazi, na hata hayo yaweke mbali na moto.

Njia ninayokushauri ni hii. Toa oili yote ya zamani, kisha fungua plagi na utie kwenye silinda vijiko viwili au vitatu vya oili nyepesi ya kupenyeza. Wengi wetu hutumia mchanganyiko wa mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, nao hufanya kazi vizuri, ila asetoni nayo hushika moto upesi, hivyo tahadhari ni zilezile. Ongeza kidogo kila siku kwa muda wa wiki moja. Baada ya hapo weka gia ya juu kabisa, uinue tairi la nyuma, ulishike kwa mikono miwili na ulitikise mbele na nyuma kwa upole. Gia ya juu ndiyo inayoipa mikono yako nguvu kubwa zaidi kwenye kranki. Usilazimishe. Unachotafuta ni kusogea kwa kiasi cha unywele. Kikipatikana, ongeza oili, tikisa tena, na utaona nafasi inapanuka siku hadi siku.

Isipoachia, usifikirie nyundo. Fungua silinda hedi na uangalie pistoni iko wapi. Ikiwa imesimama katikati au chini, sehemu ya ukuta iliyo juu yake itakuwa na kutu unayoiona kwa macho, na ukiisukuma pistoni kupanda utakuwa unazipitisha ringi juu ya msasa. Safisha kwanza ukuta huo kwa oili na msasa mwembamba sana, futa uchafu wote, ndipo uendelee. Mara nyingine joto la wastani kwenye mapezi ya silinda, kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto na si kwa mwali, hufanya kilichoshindikana kwa wiki nzima, lakini lifanye baada ya asetoni yote kufutwa na kukauka. Ikibidi kugonga, basi gogo la mti laini lenye upana unaokaribia wa pistoni liwekwe juu yake, na mapigo yawe madogo. Ukijikuta unainua nyundo juu ya bega, simama, urudi kwenye oili.

Injini ikiachia, utashawishika kupiga kiki uone kama itawaka. Tafadhali usifanye hivyo. Kutu iliyong'oka sasa ni unga unaosaga, na kila mzunguko unaupeleka kwenye ringi na kwenye oili. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, nayo inaanza kwa kusafisha nje ya injini kabla ya kufungua bolti hata moja, ili mchanga wa nje usidondoke ndani. Piga picha kila hatua. Kila kundi la bolti liwekwe kwenye kikopo chake chenye maandishi, kwa kuwa bolti za mfuniko mmoja huwa na urefu tofauti, na bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua aluminiamu. Silinda ikishanyanyuliwa, ziba mdomo wa chini kwa kitambaa safi kabla ya kutoa klipu za pini ya pistoni. Klipu hupenda kuruka, na ikidondokea kwenye kranki utalazimika kufungua injini yote kwa sababu ya waya mdogo. Klipu zilizotolewa hazirudishwi. Weka mpya daima. Gasketi za zamani zilizoganda zilainishwe na kukwanguliwa zikiwa mbichi, bila kupigwa msasa zikiwa kavu, kwa sababu gasketi za miaka hiyo huenda zina asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Sasa nije kwenye ringi, ambako ndiko ushauri mwingi mbaya unakotoka. Nilipokuwa kijana katika kazi hii niliwahi kufunga ringi mpya kwenye silinda iliyolika, nikamkabidhi mwenye pikipiki kwa moyo mweupe, na baada ya wiki chache akarudi ikitoa moshi wa bluu kuliko mwanzo. Kosa lilikuwa langu kabisa: sikupima. Tangu siku hiyo nimeeleza jambo hili kwa kila anayetaka kunisikiliza.

Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka kurudi chini. Hapo joto na mgandamizo viko kwenye kilele, oili ni nyembamba, na pistoni husimama kwa kitambo kidogo kabla ya kugeuka, hivyo utando wa oili unakatika na chuma kinagusa chuma. Aidha, mkono wa pistoni huisukuma pistoni upande wa mbele na wa nyuma kuliko kushoto na kulia, na hivyo duara linageuka kuwa umbo la yai. Juu kabisa, ambako ringi haifiki, silinda inabaki na kipenyo chake cha asili, na ukipitisha ukucha utasikia ngazi ndogo. Ringi mpya ni ya mviringo kamili. Ukiiweka kwenye tundu lenye umbo la yai itagusa mahali pachache na kuacha mianya kwingine, mgandamizo utapita, oili itapanda, na ncha yake kali inaweza kuigonga ile ngazi ya juu na kuvunjika. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba ringi mpya zinatosha ikiwa silinda ina afya, na hujui kama ina afya mpaka uipime.

Vipimo bora huchukuliwa kwa maikromita na geji ya silinda, kwenye vimo vitatu na pande mbili kila kimo. Lakini hata wewe mwenye spana tu unaweza kupata jibu la awali ukinunua fila geji, yaani seti ya vibati vyembamba vya kupimia mianya, ambayo utaihitaji kwa valvu vilevile. Chukua ringi ya juu, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake. Fanya hivyo chini kabisa, ambako silinda hailiki, halafu karibu na juu, chini kidogo ya ile ngazi. Kipenyo kikiongezeka, mwanya nao huongezeka mara 3.14 ya ongezeko hilo, kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14. Tuseme chini umepata milimita 0.25 na juu umepata 0.60. Tofauti ni 0.35; igawe kwa 3.14 upate takriban 0.11. Maana yake silinda imelika kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye kipenyo, na kwa injini ndogo ya aina hii hicho ni kiwango kinachodai silinda ichongwe upya, yaani ipanuliwe kidogo kwa mashine ili ipokee pistoni kubwa zaidi. Tofauti ya mianya ikiwa 0.10 au chini yake, silinda imelika kidogo sana na unaweza kufikiria ringi mpya pekee, mradi pistoni nayo ni nzima.

Kipimo hicho hakikuonyeshi mashimo ya kutu. Futa ukuta na uumulike kwa tochi. Doa lenye rangi tu, ambalo ukucha haulisikii, halina madhara makubwa. Shimo linalonasa ukucha katika eneo la mwendo wa ringi ni njia ya oili na gesi, na hakuna msasa wa mkono utakaoliondoa bila kuharibu umbo la silinda. Kwa miaka 11 ya unyevu, nisikufiche, ninatarajia utakuta angalau mashimo machache.

Ikiwa lazima silinda ichongwe, kuna mpangilio ambao ningependa uushike kuliko lolote lingine katika jibu hili: nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda kwa mchongaji pamoja na pistoni hiyo mkononi. Saizi za kuongeza kwa injini hizi kwa kawaida hupanda kwa hatua za 0.25, yaani 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, lakini pistoni mbili zenye maandishi sawa kutoka viwanda tofauti zinaweza kupishana kwa sehemu kadhaa za mia za milimita. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda yenyewe ni sehemu chache za mia za milimita. Aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu, hivyo nafasi ikiwa ndogo mno pistoni itabana injini ikipata moto, na ikiwa kubwa mno itagonga na kula oili. Mchongaji anayekubali silinda bila kuiona pistoni, akisema anajua saizi, mshukuru na utafute mwingine.

Silinda ikirudi itakuwa na mistari myembamba inayokatizana, iliyowekwa makusudi ili ishike oili na kuzisugua ringi mpya mpaka zikae. Katikati ya mistari hiyo umebaki unga wa jiwe la kusagia. Petroli na mafuta ya taa hayauondoi. Huufanya tu usionekane. Unaondoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi, na utaosha na kuosha tena mpaka kitambaa cheupe kilichopitishwa ndani kitoke kikiwa cheupe. Kausha papo hapo na upake oili bila kuchelewa, maana chuma kilichooshwa hivyo huanza kushika kutu ndani ya dakika chache. Ni kazi ya saa moja inayodharauliwa sana, na injini nyingi zilizochongwa vizuri zimekula ringi zake kwa sababu hiyo tu.

Valvu zinahitaji maelezo mafupi zaidi. Toa masizi, angalia kama shina la valvu linacheza ndani ya gaidi yake, yaani kile kibomba kinacholiongoza, kisha saga valvu na kikalio chake kwa dawa ya kusagia mpaka upate mstari wa kijivu usiokatika, wenye upana wa milimita moja hivi. Safisha dawa yote, funga springi, geuza hedi na umimine mafuta ya taa kwenye njia ya hewa. Yasipovuja ndani ya dakika kadhaa, valvu zinaziba. Badilisha sili za valvu, hata kama zinaonekana nzuri. Mpira wa miaka mingi hukauka.

Je, ufungue mpaka kwenye kranki? Hapa sikubaliani na fundi wa pili, walau si kabla ya ushahidi. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976 iliacha kuweka kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, juu ya hedi na kurudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, ikiwalenga watumiaji ambao wasingeweza kubadilisha oili kwa wakati. Kemshafti iko chini na inaendeshwa kwa gia, hivyo hakuna hata mnyororo wa taimingi wa kukusumbua. Sehemu ya chini ya injini hiyo ni ngumu, na kuitenganisha bila sababu kunaleta matatizo ambayo hayakuwepo. Ukishatoa silinda, osha eneo hilo kwa mafuta ya taa, ushike mkono wa pistoni na uuvute juu na kuusukuma chini kwa mstari ulionyooka, kranki ikiwa imesimama kileleni. Usisikie kugonga kokote. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, ndivyo ilivyoundwa, na wanaoanza hutishwa na hilo bure. Kisha zungusha kranki polepole huku kiganja kikiwa juu ya kesi: mzunguko uwe laini, bila mkwaruzo wala mahali panaposita.

Mambo hayo mawili yakiwa sawa, usifungue chini. Fungua mfuniko wa klachi, safisha chujio la oili na kile kichujio kinachozunguka kwenye ncha ya kranki, ambacho huenda kimejaa tope gumu la miaka yote, na uishie hapo. Lakini ukisikia kugonga au mkwaruzo, basi kweli injini itenganishwe, na kazi hiyo si ya gereji yako. Kranki ya injini hii imebanwa kwa presi kutoka vipande tofauti. Kubadilisha beringi ya mkono wa pistoni kunahitaji presi, kisha kuinyoosha kwa kipimo chenye uso wa mshale kama wa saa mpaka izunguke bila kuyumba.

Usikubali injini ipigwe mchanga au shanga za kioo ili ing'ae ikiwa ndani kuna njia za oili zilizo wazi. Punje moja hujificha kwenye kona na kutoka siku injini imepata moto. Silikoni nayo, ikipakwa nyingi, hujikunja ndani, hukatika na kwenda kuziba njia ya oili. Gasketi nzuri kwenye sura safi haihitaji silikoni.

Wakati wa kufunga, kila kinachosugua kipakwe oili safi. Alama iliyo kwenye uso wa ringi itazame juu, na mianya ya ringi itawanywe kuzunguka pistoni ili isikae mstari mmoja. Kwenye pistoni za Honda maandishi IN huelekea upande wa kabureta. Azima au nunua spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, kwa kuwa mkono wa mtu asiyezoea hukaza kupita kiasi, na meno ya aluminiamu hayasamehe: bolti ya kawaida ya milimita 6 inahitaji kama Nm 10 tu, na ya milimita 8 kama Nm 22. Nati za hedi zikazwe kwa kukatiza pembe, kwa awamu mbili au tatu, mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini yako. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa.

Kabureta ifunguliwe yote, kwa kuwa petroli iliyokauka huacha gundi kwenye jeti. Jeti zipulizwe na kulowekwa, zisichokolewe kwa waya. Kama yako ni ya zamani yenye pointi, yaani vile viunganishi vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche, zisafishe na uweke mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Tangi lenye kutu litaziba kabureta safi ndani ya siku moja, hivyo lishughulikie kabla.

Kabla ya kuwasha, tia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi yako inalowa kwenye oili hiyohiyo na oili ya gari inaweza kuifanya iteleze. Toa plagi, piga kiki taratibu mara nyingi mpaka uone oili imefika kwenye roka. Rudisha plagi, sogeza pikipiki nje, maana moshi wa injini una gesi isiyo na harufu inayoua ndani ya chumba bila kukuonya, kisha iwashe. Usiiache ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu: ringi mpya hukaa vizuri kwa mwendo wenye mzigo wa wastani unaopanda na kushuka, si kwa kusimama wala kwa kufungua mafuta yote. Baada ya safari fupi ya kwanza iache ipoe usiku mzima, kaza tena hedi kwa kipimo, pima valvu upya, na ubadilishe oili hiyo hata kama inaonekana mpya. Iangalie chini ya mwanga, utaona unga wa fedha wa ringi zinazokaa. Kidogo ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, na hapo usiwashe tena.

Kwa hiyo kazi yako ni kuachisha, kufungua, kusafisha, kupima, kusaga valvu na kufunga. Mpelekee mwenye mashine kuchonga silinda, kubadilisha gaidi na vikalio vya valvu, kazi yoyote ya kranki, na kuchomelea aluminiamu iliyopasuka. Na mara mbili za kwanza, unapopima silinda na unapokaza hedi, ukimpata fundi mzoefu wa kusimama kando yako kwa saa moja, mlipe saa hiyo bila kusita. Kuna watakaokushauri ununue injini nyingine iliyotumika, na wakati mwingine kwa hesabu ya fedha watakuwa sahihi. Lakini utanunua historia usiyoijua, yenye namba tofauti na iliyoandikwa kwenye hati za pikipiki, ilhali ya baba yako unajua ilizimwa ikiwa nzima.

Na kabla hujanunua kipuri chochote, safisha masizi juu ya pistoni na usome kilichopigwa chapa pale. Pasipo na namba ya saizi, huenda silinda ni ya kiwandani na una hatua zote nne mbele yako, ingawa maikromita ndiyo itakayothibitisha. Ukikuta 0.50 au 0.75, baba yako aliwahi kuichonga injini hii kabla yako, na muulize mchongaji kama mashimo ya kutu yataisha ndani ya hatua iliyobaki au kama silinda itahitaji slivu mpya, yaani bomba jipya la chuma linalopachikwa ndani yake.